Chuo Kidogo, Chuo Kikubwa, na Mama Yake Ngui

Mwalimu mpya wa mambo ya vyuo alipokuja kuchukua ufunguo wa kabati, aliniuliza kama nimemwachia maelezo yoyote. Nikamwambia maelezo yako kichwani. Akakitazama kichwa chenyewe, akaona nywele zilizobaki zinavyohesabika, akasema, "Basi yaandike, Mwalimu, kabla hayajaisha." Kijana ana adabu. Hakusema kabla mimi sijaisha.

Basi naandika. Habari za vyeo sitazigusa, kwa sababu mtu aliyeingia shuleni akiwa mwalimu wa jiografia na akatoka akiwa mwalimu wa jiografia hana ngazi ya kusimulia. Mshahara nao ulikuja na kuondoka bila kukaa nami sana. Nitasimulia ile kazi ya ziada niliyotwishwa, ya kukaa na vijana wa kidato cha sita na kuwasaidia kuchagua: waende chuo kikubwa chenye maelfu ya watu, au chuo kidogo ambacho mkuu wake anajua nani amechelewa kuamka. Watu wengi hudhani swali hilo ni la alama za mtihani. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa muda wa kama wiki moja hivi.

Nilifika shule yetu ya karibu na Matinyani mwishoni mwa miaka ya sitini. Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu wa misheni, mrefu, aliyejua Kikamba kuliko Kiswahili. Aliniambia kwamba mtu wa jiografia anajua mahali palipo, kwa hiyo atajua na vyuo vilipo. Hoja ikaisha hapo. Akanikabidhi kwa Mwalimu Nzioki, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo na ambaye alikuwa ameanza kuwaza zaidi mizinga yake ya nyuki kuliko vyuo vya watu.

Nzioki alifungua kabati. Ndani mlikuwa na vitabu vya vyuo, vile vyenye picha za majumba na majani mabichi, vilivyotumwa kwa posta kutoka kila pembe ya dunia na kupangwa kwa alfabeti. Rafu ya juu ilikuwa na udongo mwekundu tu. Mchwa walikuwa wamepanda kwa nyuma ya ukuta na kuanza kusoma tangu mwanzo, kama inavyotakiwa.

"Vyuo vya kuanzia A mpaka F havipo tena," Nzioki akaniambia. "Mtoto akija, mwanzie G."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mkikutana na wazee waliosoma kwetu miaka ile, mtaona wengi wao walikwenda vyuo vya herufi M na W, na mpaka leo kuna watu kanisani wanaoamini kwamba ulikuwa mpango wa Mungu. Somo la kwanza nililopewa katika kazi hii, na ambalo nawaachia nyinyi bila kubadilisha neno, ni hili: kila mguu wa kabati usimame ndani ya mkebe wenye oili chafu. Oili hiyo utaipata bure kwa mafundi wa magari pale Kitui, na uibadilishe kila muhula unapofunguliwa. Mengine yote mtajifunza polepole, ila hilo lifanyeni kesho.

Somo la pili ndilo lililonipa sifa. Nzioki hakuwa na imani na majibu ya watoto. Ukimuuliza kijana wa kidato cha sita anataka chuo gani, alisema, atakutajia kile alichotajiwa na mjomba. Basi yeye aliwapima kwa soko. Mwanafunzi alitumwa Kitui mjini Jumamosi akanunue kitu kidogo, tuseme sindano na uzi. Likizo ikija, alitumwa kitu kilekile katika soko la kwao. Nzioki alikaa pembeni na kikombe cha chai, akatazama. Kule mjini hakuna anayekujua, unanunua na kwenda zako. Soko la kwenu kila mtu atakuuliza habari za nyumbani, na utafika kwenye sindano ukiwa umesalimia nusu ya ukoo. Kijana aliyenawiri mjini alipelekwa chuo kikubwa. Kijana aliyenawiri kwao alitafutiwa chuo kidogo.

"Hakuna karatasi inayoweza kukwambia hivyo," alisema Nzioki. Na kweli kipimo chake kilifanya kazi, jambo lililokuwa likimkera sana mwalimu mkuu.

Chukueni Mutinda, mtoto wa wakulima wa vitunguu wa Kibwezi. Pale Kitui mjini alizunguka kutwa nzima akisikiliza mabishano ya watu asiowajua, akarudi jioni macho yakimwaka na sindano ameisahau. Tukampeleka chuo kikubwa, kusomea kilimo. Wiki za mwanzo aliingia ukumbi usio wake. Watu walikuwa mamia, mhadhiri alikuwa mbali kule mbele, hakuna aliyemuuliza kitu, naye akakaa akiandika kwa bidii habari za sheria ya mikataba, akingoja zifike kwenye mbolea. Alipogundua, alikuwa ameshazipenda. Alirudi kwenye kilimo chake kama mtoto mwema, lakini saa za mapumziko alikuwa akitorokea kwa wanasheria. Leo madalali wa vitunguu wanaokwenda Kibwezi kununua shambani huuliza kwanza kama Mutinda yuko nyumbani. Wakiambiwa yuko, hupitiliza.

Muthui wa hapahapa Matinyani alikuwa kinyume chake. Mjini alinyauka, akasimama mlangoni mwa duka mpaka mwenye duka akamhurumia. Huyo tulimtafutia chuo kidogo huko Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi, chuo kilichokuwa na watu wachache kuliko shule yetu na shule ya msingi jirani zikiwekwa pamoja. Kwetu hapa Muthui alikuwa kijana wa kukaa nyuma na kuficha uso. Kule wiki ya kwanza aliwekwa kwenye kwaya, timu ya mpira na mchezo wa kuigiza, kwa sababu asingewekwa yeye, kwaya, mpira na mchezo vingekosa mtu. Aliniandikia barua iliyonichekesha miaka mingi: "Mwalimu, huku siwezi kuugua. Nikiugua chuo kinasimama." Alirudi amenenepa na anaimba besi.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba, Nzioki alipostaafu na kuniachia ufunguo, nilikuwa na kiburi kidogo. Nilikuwa na kabati lisiloliwa na mchwa na kipimo kisichokosea. Ndipo akaja Kalondu.

Kalondu alitoka pande za Zombe. Alikuwa msichana wa kwanza wa Kimanzi, mkulima mpole asiyependa maneno mengi. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Jina hilo halipewi hivihivi. Likishapewa, mtoto huyo ni mama. Kimanzi alimwita binti yake "mwaitu", yaani mama yangu, tangu siku ya kwanza akiwa amefungwa kwenye nepi. Na kwa kuwa Kimanzi alikuwa na kaka mkubwa, Ngui, mwenye duka pale sokoni, ambaye hakujaliwa binti, Ngui naye alimwita mwaitu. Nyanya mwenye jina, mama yao Kimanzi na Ngui, alimlea mtoto yule miaka michache kisha akafariki, na baada ya hapo Kalondu akabaki ndiye Kalondu pekee wa ukoo.

Ngui alikuwa mtu wa sauti. Alikuwa mwenyekiti wa kila kitu kilichohitaji mwenyekiti. Madeni hakusamehe, watoto waliocheza karibu na duka lake walikimbia, na mkewe alizungumza naye kwa uangalifu. Lakini maishani mwake alimwogopa mtu mmoja tu, mama yake. Mama alipokufa hofu ile haikupata mahali pengine pa kwenda. Ikahamia kwa mtoto wa darasa la pili.

Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumpiga Kalondu kofi. Nani atampiga mama yake? Watoto wenzake waliona ni bahati. Lakini ndugu wawili wale walipogombana juu ya mpaka wa shamba, mtoto alitolewa kwenye mchezo wake wa kuruka kamba, akawekwa kwenye kigoda katikati yao ili waone haya kutukanana. Ngui akinunua ng'ombe, ng'ombe aliletwa kuonyeshwa mwaitu. Ngui akiugua tumbo, alikwenda kumwambia mwaitu. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nayajua kama nijuavyo kwamba jua huchomoza upande wa Zombe, yaani bila kuyafikiria.

Alipofika kidato cha sita, Kalondu alikuwa wa kwanza katika hesabu, mbele ya wavulana wote, na hakulifanyia kelele jambo hilo. Nikampima. Soko la Zombe nilikwenda mwenyewe siku ya soko, nikakaa kwenye kibanda cha chai. Mtoto wa watu aliingia sokoni asubuhi. Mzee wa mbuzi akamsimamisha: "Mwaitu, njoo uone." Mama wa ndengu akamsimamisha. Binamu za babake wawili wakamvuta pembeni awaamulie jambo la punda. Ngui akatoka dukani kumlalamikia habari ya mteja. Kalondu alisikiliza kila mmoja, mikono ameikunja kwa nyuma, akajibu kwa sauti ya chini, na kila aliyejibiwa aliondoka ameridhika. Jua lilipoinama bado hajafika kwenye sindano. Nilisema moyoni: huyu ni samaki, na haya ni maji yake.

Kitui mjini alinunua sindano upesi. Kisha akaingia hoteli ya Mama Zuhura, ile ya karibu na msikiti, akaagiza mahamri, akakaa peke yake mezani akitazama barabara. Alikaa muda mrefu. Hakuzungumza na mtu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikaingiwa na huruma. Nilisema: huyu mkimpeleka chuo kikubwa mtamuua.

Nilimtafutia chuo kidogo kabisa, cha kanisa, huko Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini vyuo vya namna hiyo bado vilikuwa vikitafuta watoto wazuri na kuwalipia kila kitu. Majibu yakaja mawili kwa mpigo. Chuo kikubwa cha serikali, cha hapa nchini, kilimchukua kusomea hesabu. Chuo kidogo nacho kilimchukua, kusomea chochote.

Baraza la ukoo liliitishwa nyumbani kwa Ngui, Jumapili baada ya ibada. Mbuzi alichinjwa. Mimi nilipewa kiti chenye mto, na hapo nilijua kwamba natarajiwa kusema mambo mazito. Walikuwepo wazee wa ukoo, Kimanzi na mkewe Syombua, na Ngui katikati akiwa ameshika barua zote mbili. Kalondu alikuwa jikoni. Mtoto hakai barazani jambo lake likiamuliwa.

Ngui aliinua kwanza barua ya chuo kikubwa, kwa vidole viwili.

"Hii imepigwa na mashine," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho. Na hapa juu, badala ya kumsalimia mtu, wameandika nambari. Nambari! Mama yangu si ng'ombe wa kupigwa chapa."

Wazee wakaguna. Akaiweka chini, akaifungua ile nyingine kwa mikono yote miwili.

"Lakini hawa. Hawa ni watu. Mkuu wa chuo ameandika kwa mkono wake. Amesema, 'Mpendwa Kalondu.' Ona, amelipatia jina la mama sawasawa, hata herufi moja haijapotea. Anasema mke wake atamkaribisha chakula kila Jumapili. Anasema huko kila mwalimu atamjua."

"Na atasoma nini?" Kimanzi akauliza polepole.

Wote wakanigeukia. Nikaeleza kwamba katika vyuo vya namna ile mtu hachagui jambo moja mapema. Husoma hesabu, historia, muziki, elimu ya viumbe, lugha, kila kitu, kisha baadaye huchagua.

"Kila kitu?" Kimanzi akafikiri. "Kila kitu si alisoma hapa Zombe primari?"

"Hiyo ilikuwa kila kitu kidogo," Ngui akamjibu. "Hii ni kila kitu kubwa. Endelea, Mwalimu."

Nikaendelea. Nikawaeleza kipimo cha soko, maana nilikipenda. Nikawaambia jinsi nilivyomwona Kalondu akinawiri pale Zombe kati ya watu wanaomjua, na jinsi alivyokaa mpweke Kitui mjini mbele ya mahamri. Nikasema mtoto wa namna hii anahitaji mahali padogo, pa watu watakaomwita kwa jina. Syombua alinitazama kwa jicho fulani ambalo sikulitafsiri wakati ule. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ngui alisema jambo limekwisha, tunawe, tule, kisha tufunge kwa maombi.

Kalondu akaingia na beseni, birika la maji na taulo begani, kama wafanyavyo wasichana. Alininawisha mimi kwanza, kwa kuwa mgeni. Akawanawisha wazee. Akafika kwa Ngui. Ngui akanyoosha mikono. Maji hayakutoka.

Aliinua macho. Kalondu alikuwa amesimama wima na birika lake.

"Ngui," akasema.

Mzee wa karibu yangu aliacha kufuta mikono. Siku zote msichana yule alimwita baba mkubwa, kama kila mtoto. Yeye ndiye aliyeitwa mama, lakini hakuwahi hata siku moja kuitumia ile nafasi. Sasa alilitamka jina lile vile marehemu alivyokuwa akilitamka, kifupi, bila haraka.

"Ee, mwaitu," Ngui akajibu. Lilimtoka tu.

"Tangu lini watoto wakakaa na kuamua mama yao aende wapi?"

Mzee mmoja alianza kukohoa, akaahirisha. Ngui mikono bado imenyooshwa juu ya beseni.

"Mwaitu, sisi tunataka uende pazuri..."

"Nimesikia. Nilikuwa hapo jikoni, na wewe husemi polepole." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, ile siku ya Kitui hukuniuliza. Ulifikiri nimeona huzuni. Mimi ile siku nilikula mahamri yangu mpaka mwisho na hakuna mtu hata mmoja aliniita. Hakuna mtu aliniletea punda. Nilikaa tu. Sijawahi kuona raha kama ile."

Nilitazama vidole vyangu, ambavyo kwa bahati vilikuwa safi.

"Sasa mnataka kunitoa Zombe mnipeleke Zombe ingine," akasema. "Ya baridi. Na huko pia kila mtu atanijua, na Jumapili niitwe, na huyo bibi wa mkuu wa chuo akiwa na shida ataniambia mimi. Mimi nataka hiyo ya nambari."

"Watakuita nambari, mwaitu," Ngui akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua sana. "Wewe, nambari."

"Nambari haiwekwi kwenye kigoda kuamua mpaka wa shamba."

Kimanzi aliinamisha kichwa. Syombua, yule mama mzazi halisi ambaye kwa miaka yote hakuna aliyemuuliza kitu, alikuwa akitazama ukutani na kuuma midomo, na nikatambua kwamba anajizuia asicheke au asilie.

Ngui alilitazama beseni. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu wa sauti kama yake, na mbele ya wazee. Alisema, "Na mimi nikikosea, nani ataniambia? Huyu Kimanzi ni mdogo wangu, hawezi. Bibi yangu ananiogopa. Hawa wote wananiogopa. Ukienda mahali hata hawajui jina yako, nikikutafuta nitauliza nani?"

Kalondu alimtazama yule mzee mkubwa mwenye mikono mikavu iliyonyooshwa. Nilimwona akilegea kidogo, kisha akajikaza tena.

"Mama akienda safari, watoto hukaa," alisema. "Utakaa vizuri na mdogo wako. Na usipige kelele dukani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwaitu."

Ndipo akammiminia maji.

Nilirudi Matinyani nikiwa nimeshiba mbuzi na nimevuliwa kiburi. Nilipitia kwa Nzioki, nikamkuta kati ya mizinga yake, nikamsimulia. Alicheka mpaka ikabidi aketi chini, na nyuki mmoja akatumia nafasi hiyo. Alipomaliza kujikuna akaniuliza kama nilimuuliza yule mtoto anaitwaje nyumbani. Nikasema nilijua anavyoitwa. "Kujua unajua," akasema. "Sikuulizi hivyo. Nauliza kama ulimuuliza yeye anavyosikia akiitwa." Tangu siku hiyo swali hilo ndilo nililoanza nalo kwa kila mtoto, kabla ya sindano na uzi. Kuna aliyeitwa nyumbani jina la babu mlevi. Kuna aliyeitwa "wa mwisho" na hakulipenda. Mtashangaa ni wangapi waliochagua chuo kwa kukimbia jina au kulifuata. Kwenye karatasi za maombi hakuna nafasi ya kuandika hayo, kwa hiyo ulizeni kwa mdomo.

Kalondu alikwenda chuo kikubwa. Alimwandikia baba yake kila muhula, barua fupi za mtu mwenye raha, na chini kabisa akaongeza, "Msalimie Ngui." Ngui alikuwa akija kuisoma sehemu hiyo, anaikunja karatasi na kurudi dukani. Watu wa Zombe walinihakikishia kwamba alikuwa amepunguza kelele. Alipoanza kumfokea mteja alisita katikati, akatazama upande wa barabara, akateremsha bei.

Mwaka wa pili wa masomo yake, wakati wa likizo zetu, Ngui alikuja shuleni kwangu akiwa amevaa koti la harusi. Mkono mmoja ameshika debe dogo la asali na mwingine jogoo. Alisema nijitayarishe, tunakwenda kumwona mwaitu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na vitabu vya vyuo na lazima ninajua njia. Nilimwambia vitabu havionyeshi njia. Akasema basi tutauliza.

Tulifika langoni mchana. Askari wa lango alimtazama jogoo, kisha akamtazama Ngui.

"Mnatafuta nani?"

"Natafuta mama yangu," Ngui akasema.

"Anafanya kazi jikoni?"

"Hapana. Anasoma."

Askari akazitazama mvi za Ngui kwa makini. "Mama yako wewe, mzee, anasoma hapa?"

"Ee. Mwaka wa pili. Hesabu."

Askari akamwita mwenzake aje asikie na yeye. Niliingilia kati, nikataja jina la Kalondu. Yule wa pili, ambaye kwa matamshi yake alikuwa Mkamba na alikuwa ameshaanza kuelewa, alisema kwa upole kwamba hapo wanafunzi ni maelfu na akina Kalondu ni wengi, jina peke yake halitoshi. Bila nambari ya mwanafunzi hawawezi kumtuma mtu.

Niligeuka kumpa Ngui pole. Nikamkuta amesimama wima, jogoo kwapani, macho ameyafumba kama mtoto wa Sunday School anayesema mstari wa Biblia. Akaitaja. Herufi ya kwanza, tarakimu zote moja baada ya nyingine, alama ya mkwaju katikati, mwaka mwishoni. Hakukosea mahali. Ile nambari aliyoishika kwa vidole viwili barazani alikuwa ameiweka kichwani tangu siku ile, na hakumwambia mtu.

Askari akaandika, akamtuma mtu.

Kalondu alitokea mbali, kwenye njia ya kokoto, akiwa na wenzake wawili watatu. Alikuwa amekata nywele. Alikuwa akicheka kitu, kicheko cha sauti ambacho sikuwahi kukisikia miaka yote aliyokuwa mwanafunzi wangu, na alitembea huku akirusha mikono kama mtu asiyebeba chochote. Ngui alimwona. Nilimwona Ngui akirudi nyuma hatua moja, karibu na kibanda cha askari, na nikajua anachofikiri: kwamba labda haikufaa kuja.

Kisha Kalondu akatuona. Kicheko kikakatika. Alilitazama lile koti la harusi lililojaa vumbi, debe la asali, yule jogoo. Wenzake nao wakasimama. Mmoja akamuuliza, "Ni nani hao?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema ni baba mkubwa na mwalimu wangu, na isingekuwa uongo. Hakumjibu. Alikuja moja kwa moja mpaka langoni, akamtwaa jogoo kutoka kwapani mwa mzee, akamkabidhi askari.

"Ngui," akasema, "umekula?"

"Bado, mwaitu," akajibu yule mzee, ameinamisha kichwa, na wenzake Kalondu wakatazamana. Alimshika mkono akampeleka kula, nami nikafuata nyuma na debe la asali.